Jicho la Fundi na Safu ya Mbele

Haya nyie mliojibana hapo mbele, rudini nyuma! Rudini, sitanii. Mtu wa mbele haoni kitu, na kabla hamjaondoka hapa mtajua nimeyajulia wapi hayo. Wewe shangazi mwenye birika, hapo kwenye ngazi umekaa pazuri kuliko wote, usisogee hata shubiri. Ila nimiminie kikombe, maana habari yenyewe ni pana, itanikausha koo.

Ni habari za Fundi. Jina lake siwapi, na hata nikiwapa halitawasaidia, maana Moroni nzima ilimwita Fundi, mkewe alimwita Fundi, na nadhani hata yeye mwenyewe akijiota alikuwa anajiita Fundi. Kule Komoro neno hilo ni la heshima, wanamwita hivyo mwalimu wa chuo anayesomesha watoto Kurani. Huyu hakusomesha mtu alifu wala be. Alikuwa fundi wa kuonyesha sinema. Kazaliwa wapi, baba yake nani, waulizeni wanaoandika vyeti. Mimi nilimkuta tayari mzee, tayari anakohoa, tayari hana nyusi.

Nilikwenda Moroni kwa mama yangu mdogo, nikitoka hapa hapa Unguja, nikapata kazi pale sinema ya kuchana tiketi mlangoni. Kusoma sijui, lakini kuchana karatasi hakuhitaji shule. Nikakaa na Fundi miaka kumi na ushei, na Kiswahili alikuwa anacho safi, kwa sababu ufundi wenyewe aliuibia huku kwetu, alipokuwa mfagiaji wa ukumbi wa sinema. Anafagia huku anachungulia. Alivyomaliza kuchungulia alikwenda kwao na fagio akaacha.

Nyusi zilikwenda na taa. Mashine zile za zamani taa yake haina glopu, bwana. Ni njiti mbili za makaa zinazokaribishwa pua kwa pua, umeme unaruka katikati, inatoka nuru utadhani mtu amekata kipande cha jua la saa sita. Cheche zinaruka. Kofia ya Fundi, ile ya kushonwa kwa mkono yenye vitundu, ilikuwa na matundu mengi ya cheche kuliko ya sindano. Na juu ya sanduku la taa palikuwa moto vizuri, kwa hiyo ndipo alipochomea shelisheli lake. Watu walijua picha ikoje kwa harufu. Picha ya mapenzi, shelisheli lilitoka laini. Picha ya vita iliungua, kwa sababu alisahau kuligeuza. Siku moja mtu alinirudishia tiketi mlangoni hata hajaingia, ananusa tu, akasema, "Leo wanakufa wote, mimi siingii."

Sasa sikilizeni habari ya picha pana, maana bila hiyo hamtanielewa. Kuna picha za kawaida, hizo zinakaa katikati ya pazia kama dirisha. Na kuna picha pana, zinajaza pazia lote kona hadi kona, farasi akiingia upande huu una muda wa kwenda kukojoa na kurudi kabla hajatokea upande ule. Upana wote huo unaingiaje kwenye mkanda mwembamba? Wanaubana. Huko wanakotengeneza wanawabana watu kama nguo kwenye sanduku la safari, wanakuwa warefu wembamba. Halafu huku kwenye mashine unafunga lenzi maalumu kwa mbele, inawatandua, wanarudi kuwa watu. Hiyo lenzi Fundi aliiita Jicho.

Lilikuwa moja tu nchi nzima. Zito kama jiwe la kinu, ndani limeng'aa kama maji ya kisima. Alilitia ndani ya soksi, soksi ndani ya taulo, taulo ndani ya kapu. Mkewe alikuwa anasema, "Mvua ikinyesha mimi naingiza kanga zangu mwenyewe, mgonjwa mimi, Jicho lina soksi." Na kwa kuwa lilikuwa moja na kumbi zilikuwa mbili, mmoja Moroni na mmoja Mutsamudu kisiwa cha pili, Fundi na Jicho walikuwa wanapanda ndege ndogo kwenda Ouani, kapu mapajani, halafu gari mpaka Mutsamudu, halafu kwa miguu, kwa sababu ule mji wa mawe vichochoro vyake ukikutana na mtu mnene mmoja wenu lazima arudi alikotoka. Jicho lilipanda ndege mara nyingi kuliko mawaziri. Na lilifika, si kama mawaziri.

Siku moja ndege haikuruka, na mwenye ukumbi wa Mutsamudu alikuwa na haraka. Akaonyesha picha pana bila Jicho. Wazungu wote wakatoka vile vile walivyobanwa, warefu, wembamba kama miwa, vichwa kama mbegu za boga, farasi kama mbuzi waliosimama. Mutsamudu hawakushangaa. Walisema, kumbe ndivyo walivyo huko kwao, maskini, baridi. Wakaonyeshwa hivyo msimu mzima. Basi mamluki walipoingia nchini, wazungu wenyewe wa kweli wenye bunduki, mzee mmoja akamzunguka mnene wao mara mbili pale bandarini, akauliza, "Na huyu naye ni mzungu? Mbona amevimba?"

Fundi alikuwa mcha Mungu wa aina yake. Adhana ikilia anasimamisha mashine palepale. Jambazi ananing'inia kwenye jabali kwa vidole viwili, atangoja. Watu wanakwenda kuswali, wanarudi, jambazi yupo. Na mtu akitaka kumbusu mtu kwenye picha, Fundi anatia kiganja mbele ya Jicho. Pazia zima linakuwa kiganja. Mimi mistari ya mkono wa Fundi naijua kuliko ya mkono wangu. Kasoro yake, alikuwa anakitoa kiganja ili achungulie kama wamemaliza. Ukumbi mzima unapiga kelele, "Bado, Fundi, bado!" Naye anajibu kutoka juu, "Najua, nilikuwa nahakikisha!"

Ndoto yake ilikuwa kitu kingine kabisa. Alikuwa anasema kuna mkanda mpana kupita yote, usiobanwa, upana wake kiganja kizima, na mashine yake kubwa kama pampu ya maji ya mji. Anasema aliuona Bukini, kwa Wamalagasi. "Ule wa Bukini," anasema, "bahari ilipotokea, watu wa safu ya pili walikunja suruali." Basi siku moja likaja sanduku bandarini Moroni kwa makosa, lilikuwa la nchi nyingine, na ndani mkanda wenyewe huo wa kiganja! Mashine yetu ingeumeza wapi? Ni kama kumlisha kuku mkate mzima. Wenye sanduku wakaandikiwa, hawakujibu. Fundi akauchukua nyumbani, akakaa dirishani asubuhi jua likiwa kali, akauvuta kwa mkono, kipicha kimoja, kipicha kimoja, anakiinua kwenye jua, anakitazama, anavuta kingine, na kwato za farasi anapiga mwenyewe kwa ulimi. Ilimchukua kuanzia mfungo mosi mpaka maulidi. Alipofika mwisho alilia. Nikamuuliza, "Fundi, imekwishaje?" Akasema, "Sijui, nilikuwa nimeushika juu chini."

Sasa ndiyo twende kwenye safu ya mbele.

Ngazija, kile kisiwa cha Moroni, mwanamume hahesabiwi kwa ndevu. Anahesabiwa kwa ndoa kubwa. Unaweza kuoa ya kawaida, ukapata wajukuu, ukapata mvi, ukapata uziwi, lakini kama hujafanya ile kubwa, ya kulisha mji mzima ng'ombe na mchele na kumvisha mke dhahabu mpaka atembee kwa kusaidiwa, wewe ni mtoto wa mji. Barazani husemi. Msikitini hukai mbele. Kwenye karamu unapewa nyama iliyobaki na ushauri usiouomba. Na aliyefanya ndiye mtu mzima, ana joho lake, kilemba chake, bakora yake, na popote anapokwenda anakaa mbele. Popote. Mbele ya msikiti, mbele ya karamu, mbele ya maiti.

Na mbele ya sinema.

Picha pana, bwana! Pazia liko pale kama unaweza kulilamba! Wazee wa mji wanaingia na majoho, wanasema wamekuja kuchunga maadili, wanakaa safu ya kwanza, na kutoka hapo unaona nini? Unaona pua. Unageuza shingo, unaona sikio. Unageuza tena, unaona farasi, wa nani hujui. Wale wazee walikuwa wanatazama picha kama watu wanaotazama mpira wa meza, kushoto, kulia, kushoto, kulia, vilemba vyote pamoja. Ijumaa msikitini imamu akitoa salamu mwisho wa swala, kulia wanageuka vizuri, kushoto shingo inagoma. Nimeyaona. Na sisi watoto wa mji, wachukuzi, wavuvi, wauza mikate, tuko nyuma kabisa, tumejinyoosha, tunaona dunia nzima.

Fundi hakuwa amefanya ndoa kubwa. Zaidi ya miaka hamsini, mtoto wa mji. Na alikuwa anawacheka wale wa mbele mpaka anashika nguzo. "Waangalie," ananiambia kutoka kwenye kile kitundu cha chumba cha mashine. "Wameuza mashamba wapate haki ya kutoona."

Lakini siku moja nilipanda ghafla kumpelekea njiti za taa. Nikamkuta amesimama nyuma ya mashine amevaa joho. Jeusi, la tarizi ya dhahabu, limekunjika kwa kukaa kwenye sanduku. Tukatazamana. Akasema, "Humu ndani mna baridi." Mna baridi! Chumba kinachochoma shelisheli! Toka siku ile nikipanda ngazi nakohoa kwanza.

Mamluki nao walikuja namna yao, kutoka baharini, tumelala, tumeamka serikali ni nyingine. Hawakuwa wengi, ungeweza kuwapanga wote kwenye safu zangu tatu za nyuma. Lakini walikuwa na bunduki, na sisi tulikuwa na maoni. Wakakaa, wakawa walinzi wa rais, wakavaa sare nyeusi, wengine wakaoa, wakanunua mashamba. Na walikuwa na kambi. Watu walioingia kambi ile kwa maneno yao walitoka wanachechemea, na wengine nyumbani kwao bado wanawawekea sahani. Hapo sizidishi chumvi, ndipo mahali pekee.

Mmoja wao tulimwita Kapteni. Mzuri wa sura, na alijua. Kila asubuhi anakimbia ufukweni na mbwa wake, tumbo hana, nywele anapaka kitu. Akipita mbele ya kioo cha kinyozi anapunguza mwendo, mbwa anajua, anakaa. Alikuwa ameokota Kingazija cha barabarani, cha kutosha kutoa amri.

Mwaka mmoja siku ya sherehe yao walipiga picha gwaride, kwa kamera ya kweli, mkanda ukapelekwa Ulaya kusafishwa ukarudi kwenye bati. Kapteni akauleta mwenyewe, yuko mbele kwenye kila kipande. Akataka tumwonyeshe kwa majaribio, mchana, ukumbi mtupu. Fundi akatia mkanda. Ulikuwa wa kawaida, ule wa dirisha, basi akavuta mapazia ya pembeni yabane, picha ikakaa katikati, safi, watu sawasawa.

Kapteni akasimama. "Nini hii?"

"Gwaride, Kapteni."

"Hizi nguo pembeni. Nimekuja hapa wiki iliyopita, mchunga ng'ombe amejaza ukuta wote. Ng'ombe wamejaza ukuta wote! Mimi unanitia dirishani?"

"Kapteni, mkanda ndivyo ulivyopigwa. Naweza kuukuza ujaze, lakini juu na chini vitatoka nje. Vichwa vitakatwa."

"Kichwa cha nani?"

"Chako, Kapteni. Na cha rais."

Yaa Rabi! Jamani, unamwambia mamluki, mtu wa kupindua serikali, kwamba utakata kichwa cha rais! Mimi nilianza kuchana tiketi ambazo hakuna aliyenipa. Kapteni akapanda ngazi mpaka chumba cha mashine, akaona kapu, akalifungua, taulo, soksi, Jicho. Akalipima mkononi.

"Hili ndilo la mchunga ng'ombe?"

"Ndilo."

"Basi na mimi. Ijumaa, mji mzima, ukuta wote, vichwa vyote. Nikiona alama moja nyeupe pembeni nalichukua hili, na wewe nakuchukua pamoja nalo."

Fundi akafungua kinywa amweleze. Amweleze kwamba Jicho linatandua waliobanwa, na yeye hakubanwa, likimtandua atakuwa mpana mara mbili. Kapteni akasema, "Umesikia?" Fundi akafunga kinywa. Akasema, "Amri ni yako."

Siku tatu hakuchoma shelisheli. Nikamwambia, "Fundi, toroka, sema mgonjwa." Akasema, "Nikitoroka wanalichukua Jicho. Halafu itakuwaje? Nchi nzima itarudi kuona watu kama miwa." Wallahi hofu yake ilikuwa hiyo. Kambini alishajihesabu ndani, alichokuwa analilia ni lenzi.

Ijumaa ikafika, baada ya alasiri, ukumbi umefurika, waliokuja kwa hiari ni mimi peke yangu na mimi nalipwa. Wazee wa mji wote mbele na majoho. Kapteni akaingia na mbwa. Akatazama huku na huku, akauliza mkubwa anakaa wapi hapa. Mzee wa wazee, kizee kimoja kina bakora ya fedha, akainuka akampisha kwa adabu zote: "Mbele, Kapteni. Katikati." Kapteni akakaa katikati ya safu ya kwanza. Taa zikazimwa.

Jamani.

Likatokea gwaride. Askari wanapita wafupi mabapa kama bata waliokanyagwa, bunduki mabegani kama michi ya kutwangia. Gari la rais limeingia, likaingia, likaingia, mpaka mtu wa nyuma akauliza kama ni gari au ni treni. Bendera kama shuka. Mbwa kama benchi. Halafu Kapteni mwenyewe, kifua wazi, tumbo hana, ndio, lakini mahali pa tumbo pamekuwa uwanja! Uso kama sinia la pilau ya watu wanane. Anapiga saluti, mkono unatoka wilaya hii unafika wilaya ile.

Nyuma kote watu wameuma nguo. Mama mmoja muuza mikate ametia shiromani yake yote kinywani, nguo ya mwili mzima, imebaki pindo. Mvuvi mmoja ameshuka chini ya kiti anajikaba mwenyewe. Nami natazama kichwa cha Kapteni kule mbele, nasema sasa hivi atasimama. Kushoto, kulia. Kushoto, kulia. Anageuka pamoja na vilemba! Anaona pua yake, kubwa kama mlango wa msikiti, anafurahi. Anageuza, anaona medali yake, kubwa kama gurudumu la lori, anafurahi. Mtu mzima mzima hakumwona hata mara moja. Ndipo mama wa mikate shiromani ikamtoka, akaachia, na alivyoachia yeye ukumbi wote ukalipuka.

Kapteni akageuka. "Wanacheka nini?"

Nguo zikarudi vinywani. Unasikia njiti za taa zinavyoungua juu. Kile kizee cha bakora ya fedha, sijui mpaka leo kama kilijua au na chenyewe kilikuwa kimeona pua tu, kikasema taratibu, "Ni furaha, Kapteni. Hawajazoea kuona mtu mkubwa kiasi hiki."

Akaridhika! Akapanda ngazi akamkumbatia Fundi. Halafu akasema, "Jumapili, Mutsamudu."

Fundi akakaa chini. Kwa sababu yeye alijua, na mimi nilijua, kwamba ukumbi wa Mutsamudu una roshani. Wakubwa wa Mutsamudu hawakai mbele, wanakaa juu, nyuma, kwenye viti vya mto. Kutoka roshani unaona kila kitu. Na sasa akionyesha bila Jicho Kapteni atauliza upana wake uko wapi. Akionyesha kwa Jicho, Kapteni atajiona.

Tukapanda ndege, Fundi na kapu mapajani, anaongea nalo. "Umeshafanya kazi nzuri," analiambia, "huna kosa." Ouani tukashuka, anatembea kama anapelekwa. Tukapita vichochoroni mpaka kwa Bweni, ndivyo wanavyomwita mama wa heshima kule. Huyu alikuwa mkubwa wa vyama vya kinamama vya Mutsamudu, hakuna harusi inayopikwa bila yeye kuonja. Fundi akamweleza yote, na kumbe machozi yanamtoka. Bweni alikuwa anachambua mchele, hakuacha.

"Nyinyi watu wa Moroni," akasema, "mnapenda mbele mpaka mnatia huruma. Kwa hiyo unachotaka ni huyu mzungu asikae roshani?"

"Ndiyo, Bweni."

"Na ukimkataza?"

"Ananichukua na Jicho."

"Basi asikatazwe na mtu." Akapuliza makapi. "Wanawake wangapi wanaenea kule juu?"

Jumapili mchana sijapata kuona. Walitoka mitaa yote, wameshuka mpaka wa Patsy kule mlimani, kwa miguu, na watoto mgongoni, nyuso zimepakwa msindanu, liwa yao ya manjano, wamejaza roshani ngazi hadi dari, viti viwili watu saba. Kapteni akaja na mbwa, akaweka mguu kwenye ngazi. Bweni amesimama juu, akamtazama miguu mpaka nywele.

"Karibu, mwanangu. Ila leo huku ni kwa kinamama. Kama umekuja kukaa na wanawake, tukusogezee kanga ujifunike."

Chini wanaume wote wanamtazama. Akili yake ikafanya kazi. Mtu wa bunduki, mtu wa kupindua serikali, ataonekana amejibana na wanawake? Akaondoa mguu. "Moroni," akasema kwa sauti, ili wote wasikie, "mimi hukaa mbele!" Akaenda mwenyewe, kwa miguu yake, akakaa mbele katikati.

Sihitaji kuwaeleza yaliyotokea juu. Vigelegele viliwasaidia, kila kicheko kilipowatoka walikigeuza kigelegele hewani, na Kapteni kila akisikia vigelegele anapunga mkono bila kugeuka, shingo iko kazini. Jicho likalala kwenye soksi yake salama. Kapteni alituachia na ule mkanda, akasema tuutunze kwa ajili ya vizazi. Fundi akautunza, chini ya mashelisheli.

Baadaye mimi nikarudi Unguja. Mamluki nao wakaja kuondoka, namna wanavyoondoka watu wa aina ile, waliondoka na ndege na mizigo mingi. Kapteni nasikia alimwacha mbwa.

Nilikwenda tena Moroni mara moja tu, kumzika mama mdogo. Nikauliza Fundi yu hai? Watu wakacheka. "Fundi? Usimwite hivyo barabarani. Ni mtu mzima yule!" Kumbe uzeeni, amebakiwa na meno manne, alifanya ndoa kubwa. Alimwoa upya mkewe yule yule, wa kanga za mvua, kwa ng'ombe na dhahabu. Mashine alimwachia mpwa wake, mtu wa makamo mwenye watoto watano, na Jicho na soksi. Na wiki ile ile vijana wa mji walikuwa wameusikia ule mkanda wa gwaride, wanataka waoneshwe, sasa kila mtu ana ruhusa ya kucheka.

Nikaenda. Nikakaa nyuma mahali pangu, na yule mama wa mikate yupo, amekuja na shiromani mbili. Wazee wa mji wakaingia. Katikati yao Fundi! Joho lile lile jeusi la tarizi, limenyooshwa pasi, kilemba, bakora. Akaniona. Nikamwita kwa ishara, njoo huku nyuma, njoo uone kazi yako, maana maisha yake yote alikuwa ameiona kwa kitundu tu. Akautazama mkono wangu. Akaitazama safu ya mbele, kiti kimeachwa wazi, wazee wenzake wamesimama wanamngoja. Akaenda kukaa mbele. Katikati. Pale pale.

Mpwa akafunga Jicho, taa zikazimwa, bata wakaanza kupita, gari likaingia likaingia, na safari hii hakuna aliyeuma nguo. Watu walicheka mpaka viti vilitembea. Mama wa mikate alianguka akanishika mguu. Alipotokea Kapteni na sinia lake la uso, paa liliinuka, na mimi kwa machozi yangu nakiona kile kilemba cha Fundi, kushoto, kulia, kushoto, kulia. Halafu akasimama. Akapiga bakora chini mara tatu, akatugeukia sote na joho lake, amekasirika kweli kweli:

"Jamani, mnacheka nini? Mbona Kapteni yuko sawasawa!"